Jinsi ya Kumfilisi Mtu Utakayekuwa Mwakani

Mwizi mwenye akili hatafuti mali kwanza. Anatafuta mtu asiyeweza kulalamika. Jirani ana mbwa, duka lina kamera, na ukikamatwa sokoni vijana wa mtaa hufika kabla ya polisi. Mwongozo huu unakuletea mtu unayeweza kumwibia kila siku, miaka nenda miaka rudi, bila yeye kupiga yowe: yule utakayekuwa mwakani. Hana simu. Hana wakili. Hawezi kwenda kwa chifu. Jina lake ni lako, saini yake ni yako, namba yake ya siri unaijua kwa kichwa. Na siku atakapogundua kwamba ameibiwa hutapatikana, kwa sababu aliyeiba ni wa mwaka jana, na wa mwaka jana hashikiki.

Usidhani nakufundisha jambo nililobuni. Wachumi wamelichunguza tangu John Rae alipoandika kulihusu mwaka 1834: watu huamuaje kiasi cha kula leo na kiasi cha kubakiza. Nia yao ilikuwa njema, lakini mtu akieleza kwa makini jinsi kufuli linavyofanya kazi, ameshamsaidia pia anayetaka kulifungua. Hapa nimeyakusanya yale yanayomfaa anayeanza. Mafundi wa siku nyingi, wale ambao tarehe kumi hawana nauli, wanaweza kusoma kwa kujifurahisha tu.

Mheshimu kupita kiasi

Kosa la wanaoanza ni kudhani kwamba ili umwibie mtu ni lazima umdharau. Sivyo. Huyu wa mwakani mheshimu sana. Amini kwa moyo wote kwamba ni mtu wa maana kuliko wewe: anaamka alfajiri, anapika nyumbani, hakopi, hajibu ujumbe wa kazi akiwa kitandani. Mtu wa sampuli hiyo humwonei ukimwachia madeni na kazi. Unampa nafasi ya kuonyesha uwezo wake.

Wachumi wenyewe walimwamini hivyo kwa muda mrefu. Mwaka 1937 Paul Samuelson, kijana ambaye hata miaka 22 alikuwa hajatimiza, alichapisha makala ya kurasa saba iliyotawala somo hili kwa miongo kadhaa. Katika hesabu yake, mtu huipunguzia raha ya baadaye thamani kwa kiwango kilekile kila mwaka unaopita. Mtu wa aina hiyo akipanga jambo Jumatatu, Ijumaa analikuta na bado analitaka. Hamwibii wa mwakani. Wamegawana tu, tena kwa makubaliano. Samuelson alionya humohumo kwamba hakuna sababu ya msingi ya kuamini kuwa watu huishi namna hiyo. Fomula ilisafiri dunia nzima, onyo likabaki nyumbani.

Sifa zimwendee Richard Thaler, ambaye mwaka 1981 aliwauliza watu swali la kawaida kabisa. Umeshinda dola 15 kwenye bahati nasibu. Unaweza kuzichukua sasa hivi au kusubiri ulipwe zaidi. Ungetaka ngapi ili usubiri? Jibu la katikati lilikuwa dola 20 kwa kusubiri mwezi, 50 kwa mwaka, 100 kwa miaka kumi. Zigeuze ziwe riba ya mwaka: asilimia 345, asilimia 120, asilimia 19. Mtu mmoja huyohuyo ni shailoki wa kutisha kwa jambo la mwezi huu, na kwa jambo la miaka kumi ni mzee mtaratibu anayekunja shuka lake polepole. Thaler alitoa na mfano wa matunda. Wapo watakaochagua tufaha moja leo badala ya mawili kesho. Lakini waulize kuhusu tufaha moja baada ya mwaka au mawili baada ya mwaka na siku moja: hutampata wa kukimbilia lile moja. Siku moja ya kusubiri ni ileile. Kilichobadilika ni umbali tu. David Laibson wa Harvard aliliweka jambo hili katika hesabu mwaka 1997, na kiini chake ni ukuta mmoja: upande huu leo, upande ule siku nyingine zote.

Kwa mwizi, matumizi yake ni rahisi. Ahadi zako zote njema zipeleke upande ule wa ukuta. Zipe tarehe yenye heshima: Januari mosi, baada ya Idi, baada ya Pasaka, watoto wakifungua shule. Kule mbali utaahidi kwa ukarimu wa ajabu, na hutakuwa unadanganya hata kidogo. Tarehe ikikaribia na kuingia upande huu, isogeze.

Sanduku la Stiglitz

Ukiona aibu kuingia katika fani hii kwa kuhofia kwamba ni ya wasiosoma, tulia. Mchumi George Akerlof alipokuwa akiishi India kwa mwaka mmoja, rafiki yake Joseph Stiglitz alimtembelea na kumwachia sanduku la nguo amtumie Marekani. Akerlof alijua kwamba urasimu wa kule, ukiongeza na uzembe wake mwenyewe katika mambo ya namna hiyo, ungemla siku nzima ya kazi. Kwa zaidi ya miezi minane aliamka kila asubuhi akiwa ameamua kwamba kesho ndiyo siku ya sanduku. Mwishowe, muda wake wa kurudi ulipokaribia, alilipachika kwenye mzigo mkubwa wa rafiki mwingine. Aliyaandika haya mwenyewe mwaka 1991, katika makala ambayo sasa husomwa na kila anayechunguza uahirishaji. Mwaka 2001 yeye na mwenye nguo, pamoja na Michael Spence, walipewa Nobel ya uchumi.

Angalia ufundi uliomo. Hakuna siku hata moja Akerlof aliyoamua kutolituma sanduku. Angeamua hivyo angemwandikia mwenzake, naye angenunua mashati mengine na maisha yangeendelea. Kila asubuhi nia ilikuwepo, nzima, na hasara ya kuchelewa siku moja ilikuwa ndogo mno kuliko usumbufu wa posta. Wizi mkubwa hauhitaji uamuzi mkubwa. Ndiyo maana nakusihi: usiamue kamwe kuacha jambo. Mtu aliyeamua kutoweka akiba ataulizwa na mkewe, atajitetea, na katika kujitetea anaweza kuisikia sauti yake mwenyewe. Mtu anayeanza mwezi ujao haulizwi na yeyote.

Kujijua nako kusikutishe. Mwaka 1999 Ted O'Donoghue na Matthew Rabin walionyesha kwamba katika wanaoshindwa kujizuia kuna wasiojijua, wanaoamini kwamba kesho watakuwa watu wengine, na kuna wanaojijua vizuri. Ungetarajia wa pili wawe salama. Mara nyingine ndivyo, kwa sababu wanajiwekea vizuizi mapema. Lakini mara nyingine mjuzi ndiye huanguka wa kwanza: anajua Jumamosi hatajizuia, basi kwa nini yule wa Jumamosi ale peke yake? Anakula Alhamisi. Ukiwa na elimu kidogo ya nafsi, itumie hivyo.

Kuna pia wanaolipia wizi huu kwa hiari, na risiti wanapewa. Stefano DellaVigna na Ulrike Malmendier walichunguza wanachama wa vilabu vya mazoezi nchini Marekani na kuchapisha matokeo mwaka 2006. Waliochagua kulipa kwa mwezi walitoa zaidi ya dola 70, wakahudhuria kwa wastani mara 4.3 kwa mwezi. Kila ziara iliwagharimu zaidi ya dola 17, ilhali pale mlangoni kulikuwa na kadi ya ziara kumi kwa dola 10 kila moja. Waliojiondoa walikaa wastani wa miezi 2.3 tangu siku ya mwisho kufika hadi siku ya kufuta uanachama. Walikuwa wanapanga kurudi, na walikuwa wanapanga kujiondoa. Yote mawili kesho.

Somo la shambani

Nadharia imetosha. Twende Busia, magharibi mwa Kenya, ambako somo hili lilifanyiwa vitendo kwa undani kuliko mahali pengi duniani.

Tuseme mavuno ya masika yameingia. Magunia yamepangwa sebuleni, nyumba inanuka mahindi makavu, na kwa mara ya kwanza tangu Februari hakuna anayepima unga kwa jicho. Huu ndio wakati hatari kwa mwizi, kwa sababu mtu ana hela. Duka la agrovet liko sokoni na mbolea inauzwa hata kwa kilo. Huhitaji kununua mfuko wa kilo hamsini. Mkulima akipita pale leo, akanunua kilo chache na kuzihifadhi juu ya dari, wa msimu ujao ameshaokoka na wewe umekosa kazi. Kwa hiyo mpe sababu za kungoja, na sababu hazikosekani. Michango ya matanga. Bati la jikoni. Shemeji aliyesikia kwamba mavuno yalikuwa mazuri na amekuja kusalimia, akakaa. Mbolea yenyewe haina haraka, mvua iko mbali, na kuibeba nyumbani kwa bodaboda ni usumbufu. Tutanunua wakati wa kupanda.

Wakati wa kupanda ukifika, sebule imebaki na gunia moja, na hilo ni la kula.

Michael Kremer, ambaye ujanani aliwahi kufundisha shule huko Kakamega, alishirikiana na Esther Duflo na Jonathan Robinson kuyapima mambo haya. Walianza kwa kuuliza kama mbolea inalipa kweli, maana huenda wakulima walikuwa wanajua kitu wasichokijua maprofesa. Katika mashamba ya wakulima wenyewe, nusu kijiko cha chai cha mbolea ya kukuzia kwa kila shina, mahindi yakiwa yamefika magotini, kilirudisha faida ya asilimia 36 kwa wastani kwa msimu mmoja. Hakuna benki Busia inayokaribia hapo. Wakawauliza wakulima walioshiriki katika majaribio hayo kama msimu ujao watatumia mbolea. Asilimia 97.7 walisema ndiyo. Kati ya hao, waliotumia walikuwa asilimia 36.8.

Soma tena tarakimu hizo mbili, mwanafunzi wangu. Hapo katikati ndipo tunapofanyia kazi. Hawa hawakuwa watu wasioelewa. Walikuwa wameona mahindi kwa macho yao. Hawakuwa wanamdanganya mtafiti. Ni sanduku la Stiglitz, ila safari hii ndani yake kuna chakula cha watoto.

Sasa inakuja habari mbaya. Watafiti wale walianzisha mpango walioupa jina la SAFI. Afisa alimtembelea mkulima nyumbani mara tu baada ya mavuno, hela ikiwa bado mkononi, akamuuzia vocha ya mbolea kwa bei ya kawaida ya dukani. Punguzo hakuna. Nyongeza pekee ni kwamba mbolea ingeletwa nyumbani bure wakati wa kuitumia. Mkulima ilimbidi aamue papohapo. Fikiria unyonge wa zawadi hiyo: nauli ya kwenda sokoni. Lakini matumizi ya mbolea yalipanda kwa asilimia 47 hadi 70. Kundi jingine la wakulima lilipelekewa huduma hiyohiyo ya kuletewa bure, ila msimu ukiwa umeshaanza, hela imekwisha. Kwao hapakuwa na badiliko la maana. Na kundi lililopewa mbolea kwa nusu bei wakati huo wa mwisho liliongeza matumizi kwa kiasi kinachokaribiana na cha wale wa SAFI.

Yaani kumfikia mtu mapema na kumpunguzia usumbufu mdogo kulifanya kazi inayolingana na kumlipia nusu ya gharama akiwa amechelewa. Mwizi yeyote mwenye heshima zake anapaswa kuogopa matokeo haya, na kuomba Mungu yasisomwe na watu wengi wenye mamlaka.

Kuhusu mahindi yenyewe, ushauri wangu ni mfupi: yauze yote siku ya mavuno, wakati kila mtu anauza na bei iko chini kabisa, kisha yanunue kwa gorogoro mwezi wa tano bei ikiwa imepanda. Marshall Burke, Lauren Bergquist na Edward Miguel waliikuta desturi hii ikistawi katika eneo la Bungoma. Walipowapa wakulima mkopo wakati wa mavuno, ili wasilazimike kuuza mara moja, wengi walihifadhi mahindi na kuuza baadaye, na mkopo huo ukaleta faida ya asilimia 29. Somo kwa mwizi: mikopo inayofika wakati unaofaa ipigwe vita.

Mikopo inayofika usiku, kwa upande mwingine, ni rafiki. Novemba 2012 Safaricom na benki ya CBA walipoanzisha M-Shwari, huduma ya mikopo kwa simu, mkopo wa siku 30 ulikuwa na ada ya asilimia 7.5. Inaonekana ndogo, na kwa mtu aliyekwama hospitalini ni msaada wa kweli. Lakini ukope shilingi 1,000, ulipe, ukope tena, mwezi kwa mwezi. Mwisho wa mwaka utakuwa umetoa ada ya shilingi 900 kwa shilingi 1,000 ambazo kila mara ulikaa nazo mwezi mmoja. Januari 2019 ikaja Fuliza, inayokamilisha malipo hata salio likiwa limepungua. Zamani ukitaka kumwibia wa mwakani ilikubidi uvae viatu, uende kwa mtu, umweleze shida zako huku akikutazama. Ile aibu ilikuwa ulinzi mkubwa kuliko tulivyofikiri. Na kwa kuwa biashara ni biashara, M-Shwari hiyohiyo inatoa pia akaunti ya kufungia akiba. Nakuomba usiiguse.

Wanaotuharibia kazi

Adui wa kwanza ni sanduku la bati. Pascaline Dupas na Jonathan Robinson waliwapa watu wa vijijini magharibi mwa Kenya masanduku yenye tundu la kutumbukizia hela, ili waweke akiba ya mambo ya afya. Wengine walipewa ufunguo. Wengine ufunguo ulikaa kwa afisa wa mradi, usitoke mpaka lengo litimie. Ungedhani lile lisilofunguka ndilo lingeshinda. Kinyume chake: sanduku la kawaida, lenye ufunguo mikononi mwa mwenyewe, liliongeza akiba ya afya kwa asilimia 66 hivi, na lile la kufungiwa halikusaidia kununua vifaa vya kinga, kwa sababu hela ikishaingia mle mtoto akiugua usiku huwezi kuigusa, na watu si wajinga. Kilichofanya kazi kilikuwa kitu kidogo mno: hela kuwa na kazi yake. Shemeji akija, mtu anaweza kusema hizo ni za chandarua, bila kusema uongo na bila kuonekana mchoyo.

Adui wa pili ni chama, yaani kikundi cha kuchangiana hela kwa zamu, na huyu simwezi. Siwan Anderson na Jean-Marie Baland walichunguza vyama vya Kibera, Nairobi, na kuona kwamba wengi wa wanachama ni wanawake, hasa wenye waume, na wakaeleza kwamba chama kinawasaidia kuitoa hela nyumbani kabla mume hajaipangia matumizi. Mimi naongeza kwamba kinaitoa pia kwa mwenye hela mwenyewe. Jaribu kumwambia mweka hazina kwamba utaanza mwezi ujao. Atakutazama kwa sekunde mbili, atafungua daftari la kurasa nyingi lililofungwa kwa mpira, na kusoma jina lako kwa sauti mbele ya shangazi zako kumi na mmoja. "Mama Brayo, wewe bado." Ukuta kati ya leo na siku nyingine, ule wa Laibson, unabomoka pale mkekani. Utafiti wa Dupas na Robinson nao ulikuta kwamba kuweka akiba kupitia vikundi kulikuwa na nguvu kubwa sana.

Adui wa tatu ni mjanja, kwa sababu anatumia silaha zetu. Thaler, yuleyule wa matufaha, na Shlomo Benartzi walitengeneza mpango wa akiba ya uzeeni usiomwomba mfanyakazi chochote leo. Anakubali tu kwamba kila atakapoongezwa mshahara, makato yake yataongezeka pia. Ahadi ya mbali! Nani hakubali ahadi ya mbali? Kisha mambo yanajiendesha yenyewe. Ana ruhusa ya kujiondoa wakati wowote, lakini kujiondoa ni shughuli, na shughuli ataifanya kesho. Katika kampuni ya kwanza walikojaribu, waliojiunga walitoka kwenye akiba ya asilimia 3.5 ya mshahara hadi asilimia 13.6 kwa miezi 40. Uvivu wa watu, rasilimali tuliyoitegemea karne zote, ukageuzwa mlinzi. Thaler akapewa Nobel mwaka 2017 na hakuna mwizi aliyealikwa.

Ukikamatwa, laumu tabia

Mbinu ya mwisho inahusu utetezi, na inamfaa zaidi anayewaibia watu wengine pamoja na yeye mwenyewe. Watu wakiuliza kwa nini wa mwakani hufika mikono mitupu kila mwaka, jibu liwe moja: hawana nidhamu. Maskini hawajui kungoja. Ndivyo walivyo.

Utapata ushahidi wa kupendeza katika majaribio ya Walter Mischel, yaliyoanza Stanford katika miaka ya 1960. Mtoto wa chekechea anaachwa peke yake na peremende moja laini. Akivumilia mpaka mtu mzima arudi, anapewa mbili. Baadaye ikasemwa kwamba waliongoja walifanya vizuri zaidi maishani. Wahubiri wa nidhamu waliipenda hadithi hii kuliko watoto walivyoipenda peremende. Iseme mpaka hapo, kisha unyamaze.

Usiseme kwamba mwaka 2018 Tyler Watts na wenzake walipofuatilia watoto zaidi ya 900, uhusiano ule ulionekana kuwa nusu tu ya ulivyokuwa, na ukapungua kwa theluthi mbili nyingine hali ya nyumbani kwa mtoto ilipozingatiwa. Wala usimtaje Celeste Kidd, aliyefanya jambo dogo la kikatili mwaka 2013. Kabla ya jaribio la peremende, mtu mzima aliwaahidi watoto vifaa bora vya kuchorea. Kwa nusu yao alirudi navyo. Kwa nusu nyingine alirudi akasema samahani, kumbe havipo. Peremende ilipowekwa mezani, watoto wa kundi la kwanza walingoja dakika 12 kwa wastani, wa kundi la pili dakika tatu. Hawakuzaliwa wakiwa tofauti. Walikuwa wametofautiana tangu dakika chache zilizopita, kwa kumjua mtu mzima wanayeshughulika naye.

Na zaidi ya yote, ficha habari za Kameruni. Bettina Lamm na wenzake waliwapa jaribio hilo watoto wa miaka minne wa jamii ya Wanso, watoto wa wakulima, wakitumia vitumbua vya kule badala ya peremende, na wakawalinganisha na watoto wa tabaka la kati wa Ujerumani. Wajerumani walioweza kungoja mpaka mwisho walikuwa asilimia 28. Wanso walikuwa asilimia 70, na baadhi yao walilala usingizi palepale kitini, kitumbua mbele yao.

Ukweli huu ukienea, fani imekwisha. Watu wataanza kuuliza mkulima aliyeahidiwa mbolea mwezi wa pili ikamfikia mahindi yakiwa yameshapita kifuani angemwamini nani tena, na kwa nini angojee. Wataacha kuhubiri subira na kuanza kutazama kalenda: hela inaingia lini, gharama inadaiwa lini, nani anafika katikati. Hapo wewe na mimi tutatafuta kazi nyingine.

Kwa hiyo nina ombi kwa wanaopanga ratiba za nchi, za mashirika na za ofisi za mishahara. Maghala ya mbolea yaendelee kufunguliwa mvua ikinyesha, gunia la mwisho likiwa limeshauzwa. Ada ya shule iendelee kudaiwa Januari, siku chache baada ya Krismasi. Fomu ya kujiunga na akiba iwe ndefu, na dirisha lake lifungwe saa sita mchana. Mshahara uingie wote mzima siku moja, usiguswe na makato yoyote ambayo mwenyewe aliyakubali. Msichoke. Mkilegeza kidogo tu, watu wa mwakani wataanza kufika wakiwa na hela mfukoni.